Sayyidna Umar (R.A.) na haki ya aliyepungukiwa

Na Mwandishi Wetu, Sanya Juu

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tunaitazama sehemu moja ya maisha ya Khalifa wa pili wa Uislamu, Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.). Wengi wetu tunamjua kwa ushujaa wake, kwa msimamo wake katika haki na kwa nchi zilizofunguliwa katika zama zake. Leo tutamtazama kama kiongozi aliyelazimika kuamua kila siku ni nani anayestahiki kupewa katika mali ya Waislamu na ni nani asiyestahiki, na hasa namna alivyomtazama mtu ambaye jana alikuwa nacho na leo hana.

Jambo hili si geni kwetu hapa Sanya Juu. Bei ya kahawa ilipoporomoka katika soko la dunia mwaka 2001 na 2002, kihamba kilichokuwa kikisomesha watoto hakikutosha tena hata kununulia dawa ya mibuni. Ukame wa mwaka 2009 uliua mifugo mingi kaskazini mwa Tanzania, na wapo wafugaji walioingia mwaka ule na zizi lililojaa, wakatoka na fimbo mkononi. Mwaka 2020 maradhi ya korona yaliposimamisha safari za watalii, wapagazi na waongoza wageni wanaopandia mlima kupitia geti la Londorosi walikaa nyumbani miezi mingi bila ya kipato.

Katika kila tukio kama hilo huwapo familia ambayo majirani wameizoea kuihesabu miongoni mwa wenye nacho. Ina nyumba ya matofali, ina kihamba, na mzee wake alikuwa akitoa zaka kila mwaka. Zaka inapogawanywa msikitini, familia hiyo hurukwa, wala si kwa chuki. Hurukwa kwa sababu hakuna anayeifikiria, nayo yenyewe inaona haya kusema. Basi na tuone mwenendo wa Sayyidna Umar (R.A.) unatufundisha nini.

MCHUNGA NGAMIA WA BANI ADI

Sayyidna Umar alizaliwa Makka, katika ukoo wa Bani Adi wa kabila la Kuraishi, yapata miaka 13 baada ya Mwaka wa Tembo. Hakulelewa katika anasa. Baba yake, Al-Khattab, alikuwa mtu mkali, na utotoni Umar alimchungia ngamia kwa taabu na kipigo. Miaka mingi baadaye, akiwa Khalifa, alipita katika bonde lile alilochungia, akasimama na kuwakumbusha watu alivyokuwa zamani, kisha akamshukuru Mola wake aliyemwinua. Hakuisahau hali yake ya kwanza, na pengine ndiyo sababu hakudanganyika na hali za watu wengine.

Alijifunza kusoma na kuandika, jambo lililokuwa nadra kwa watu wa Makka wakati ule, kisha akawa mfanyabiashara. Alisilimu mwaka wa 6 wa utume, baada ya kuzisikia aya za Sura Taha nyumbani kwa dada yake, Fatima, na mumewe, Said bin Zayd. Alikuwa ametoka na upanga akiwa na nia mbaya, akarudi akiwa Muislamu. Alipohamia Madina aliishi kwa biashara, na alipeana zamu na jirani yake wa Kiansari: siku moja huyu huenda kwa Mtume (S.A.W.), siku ya pili mwenzake, na jioni hupashana waliyojifunza.

Yapo mafunzo aliyoyapata katika miaka hiyo ambayo yalimwongoza baadaye. La kwanza lilihusu kupokea. Mtume (S.A.W.) alikuwa akimpa kitu, naye Umar humwomba ampe aliye fukara zaidi yake. Mtume (S.A.W.) akamwelekeza kwamba mali inayomjia mtu bila ya yeye kuiomba wala kuitumainia aichukue, na isiyomjia hivyo asiifuate kwa nafsi yake. Kwa hiyo kupokea kilicho haki yako hakumshushi mtu hadhi. Kinachomshusha ni tamaa.

La pili lilihusu kutoa. Alipopata shamba katika Khaybar, mali ambayo hakuwa amewahi kupata iliyo nzuri kuliko hiyo, alimtaka ushauri Mtume (S.A.W.), kisha akaifanya wakfu. Shamba lenyewe lisiuzwe, lisirithiwe wala lisitolewe zawadi, na mazao yake yaende kwa mafukara, jamaa, watumwa wa kukombolewa, wasafiri na wageni.

La tatu lilikuwa sheria iliyowafikia masahaba wote. Qabisa bin Mukhariq (R.A.) alijitwika dhamana ya deni ili kusuluhisha watu, akaja kwa Mtume (S.A.W.) kuomba msaada. Aliambiwa asubiri mpaka sadaka ifike, kisha akabainishiwa kwamba kuomba ni halali kwa watu watatu. Wa kwanza ni aliyejitwika dhamana kama yake, mpaka ailipe. Wa pili ni aliyefikwa na janga likaangamiza mali yake, mpaka apate cha kumsimamishia maisha. Wa tatu ni aliyepatwa na ufukara, kwa ushahidi wa watu watatu wenye akili katika jamaa zake. Tazama, ndugu msomaji, kwamba wawili katika hao watatu wanaweza kuwa watu waliokuwa na uwezo siku chache zilizopita.

KHALIFA ALIYEPUNGUKIWA

Mtume (S.A.W.) alipofariki mwaka wa 11 Hijria, Sayyidna Abubakar (R.A.) alishika ukhalifa. Kesho yake akaonekana akielekea sokoni na nguo za kuuza begani. Umar na Abu Ubayda (R.A.) wakamsimamisha na kumkumbusha kwamba sasa ana amana ya umma. Akawauliza familia yake itakula nini. Wao wawili wakaona afanyiwe fungu katika mali ya Waislamu. Hivyo Umar alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutambua kwamba mtu mwenye heshima kuliko wote mjini anaweza kukatikiwa na riziki, na kwamba kumtengea fungu ni wajibu.

Zamu yake mwenyewe ilifika mwaka wa 13 Hijria, sawa na mwaka 634. Biashara yake ilidorora kwa shughuli za uongozi. Kwa muda hakugusa kitu katika mali ya umma, mpaka dhiki ikaingia nyumbani kwake. Hapo hakujifungia na haya wala hakujikatia fungu kwa siri. Aliwaita masahaba, akawaeleza hali yake, akawataka wao waseme ni kiasi gani kinachomhalalikia. Sayyidna Ali (R.A.) akaona apate chakula cha mchana na cha usiku, naye akaridhika. Alijilinganisha na mlezi wa mali ya yatima, ambaye akitosheka hujizuia na akihitaji hula kwa wema.

Lipo na upande wa pili. Katika zama za Abubakar (R.A.) walikuja wakuu wawili wa makabila, Uyayna bin Hisn na Al-Aqraa bin Habis, waliokuwa wakipewa katika fungu la kuunganisha nyoyo. Umar alipinga wasipewe tena, kwa hoja kwamba Uislamu umekwisha kupata nguvu na sababu ya kuwapa imeondoka. Hakutazama ukubwa wa majina yao wala kwamba mwaka uliopita walipata. Alitazama sababu. Ikiwapo, haki ipo, na ikiondoka, haki inaondoka nayo.

MWAKA WA MAJIVU

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja mwaka wa 18 Hijria, sawa na mwaka 639. Mvua ilikatika katika ardhi ya Hijazi kwa muda wa miezi tisa hivi, nchi ikakauka na upepo ukapeperusha vumbi lenye rangi ya majivu. Ndiyo maana mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Majivu. Mabedui waliokuwa na mifugo mingi walipoteza yote wakaja Madina kwa maelfu. Hawa hawakuwa mafukara wa asili. Wengi wao walikuwa watoa zaka.

Sayyidna Umar aliwaandikia magavana wake wa Sham na Iraq wapeleke chakula. Abu Ubayda (R.A.) alifika na ngamia 4,000 waliobeba vyakula. Khalifa akaweka watu wa kusimamia kila upande wa mji, chakula kikapikwa kwa masufuria makubwa, na wagonjwa na wasioweza kufika wakapelekewa walipo. Yeye mwenyewe alijizuia na samli na nyama mpaka watu wote wazipate, na kwa kula mafuta rangi ya ngozi yake ikabadilika.

Mambo mawili aliyoyafanya mwaka ule yanastahiki kuzingatiwa. Kwanza, alisimamisha adhabu ya kukata mkono kwa wizi, kwa kuwa njaa imetia shaka katika kosa. Pili, hakuwatuma wakusanyaji wa zaka. Mvua iliponyesha na watu wakapata nafuu, aliwatuma mwaka uliofuata wachukue zaka ya miaka miwili, lakini akaamuru sehemu ya mwaka mmoja igawanywe papo hapo kwa wenyeji na ya pili ndiyo iletwe Madina. Mtoaji alipogeuka mhitaji, Umar alimpokea kama mhitaji. Alipoinuka tena, alimrudisha katika safu ya watoaji.

Na mvua ilipokuja hakuwafukuza. Aliweka watu wa kuwatoa mjini kwa kuwapa chakula cha njiani na vipando vya kuwafikisha makwao. Msaada ulikoma pale mtu alipoweza kusimama tena.

DAFTARI NA KILIO CHA MTOTO

Mali za Iraq, Sham na Misri zilipokuwa nyingi, Khalifa alianzisha Diwani, yaani daftari la majina ya watu wanaostahiki posho. Wanahistoria wanatofautiana kati ya mwaka wa 15 na wa 20 Hijria. Aliwaita wajuzi wa nasaba, Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Nawfal na Jubayr bin Mut'im, wakaandika watu kwa daraja zao. Mtoto aliwekewa dirhamu 100, na sharti lilikuwa awe ameachishwa ziwa.

Usiku mmoja msafara wa wafanyabiashara ulipiga kambi karibu na mji. Umar na Abdurrahman bin Awf (R.A.) wakaenda kuulinda. Khalifa akasikia mtoto akilia, akamwendea mama na kumwomba amtulize. Akarudi, akasikia tena, akaenda tena. Mara ya tatu, mwishoni mwa usiku, akamlaumu mama yule. Yeye, asijue anazungumza na nani, akaeleza kwamba anamlazimisha mtoto kuacha ziwa kabla ya wakati, kwa kuwa Umar hampi posho ila aliyeachishwa. Mtoto alikuwa na umri wa miezi michache tu.

Alfajiri ile Sayyidna Umar alisalisha, na watu hawakuweza kuusikia vizuri usomaji wake kwa kilio. Alijihesabia dhambi ya watoto wa Waislamu waliodhurika kwa sharti lake. Baada ya sala akaamuru mpiga mbiu atangaze kwamba watu wasiharakishe kuwaachisha watoto ziwa, na kwamba kila mtoto wa Kiislamu ataandikwa tangu siku anapozaliwa. Akawaandikia hivyo magavana wote.

Ndugu Waislamu, sharti lile lilikuwa na mantiki kwa mwenye kuandika daftari, kwani mtoto anayenyonya hali chakula. Lakini lilipofika chini, likamfanya mama amtese mwanawe ili astahiki. Khalifa hakumwadhibu mama. Alilibadilisha sharti.

Na haki hiyo hakuwawekea Waislamu peke yao. Alimkuta mzee kipofu wa Kiyahudi akiomba mlangoni kwa watu. Alipomuuliza kilichomfikisha hapo, mzee alitaja kodi ya jizya, haja na uzee. Umar akamshika mkono mpaka nyumbani kwake, akampa alichokuwa nacho, kisha akamwagiza mtunza Baitul Mali amwangalie mzee huyo na walio mfano wake, na akawaondolea jizya. Aliona si uadilifu kuzila nguvu za mtu ujanani na kumtelekeza uzeeni.

HAKUWA MLEGEVU

Asifikiri mtu kwamba Khalifa huyu alifungua mlango kwa kila aliyeomba. Imesimuliwa kwamba alimsikia mwombaji baada ya Magharibi, akaagiza alishwe. Kisha akamsikia tena akiomba, akamkuta na mfuko uliojaa mikate kwapani. Akamhesabu kuwa mchuuzi na si mwombaji, akaumwaga mfuko ule mbele ya ngamia wa sadaka. Vijana wenye nguvu waliokaa msikitini wakingoja riziki aliwahimiza kufanya kazi, akiwakumbusha kuwa mbingu haidondoshi dhahabu wala fedha.

Wala hakumlazimisha anayejizuia. Hakim bin Hizam (R.A.) aliweka ahadi mbele ya Mtume (S.A.W.) kutopokea kitu cha mtu. Umar alipomwitia fungu lake akakataa. Khalifa akawashuhudisha Waislamu kwamba amempa haki yake naye hakuipokea. Haki yake haikufutwa kwa haya yake. Iliwekwa mbele yake waziwazi, naye akachagua.

Siku chache kabla ya kuuawa, Sayyidna Umar alikuwa na azma kwamba akibaki hai atawaacha wajane wa Iraq wasimhitaji mwanamume yeyote baada yake. Hakupewa umri huo. Mwezi wa Dhulhija mwaka wa 23 Hijria, sawa na Novemba 644, Abu Lu'lu'a alimchoma kisu akiwa katika sala ya Alfajiri. Akiwa kitandani alimwamuru mwanawe, Abdullah, ahesabu madeni yake. Yakafika dirhamu 86,000 au karibu yake. Aliusia yalipwe kwa mali ya familia yake, yasipotosha waombwe Bani Adi, yasipotosha waombwe Kuraishi, wala wasivuke hapo. Kiongozi aliyetawala hazina za Iraq, Sham na Misri aliondoka duniani akiwa na deni, na hakuona aibu kulitaja. Alizikwa pembeni ya Mtume (S.A.W.) na Abubakar (R.A.), baada ya Mama Aisha (R.A.) kutoa idhini.

TUNAJIFUNZA NINI

Mwenyezi Mungu ametaja makundi manane yanayostahiki zaka katika Sura At-Tawba, aya ya 60, yakiwamo mafukara, masikini na waliolemewa na madeni. Hakutaja aina ya nyumba wala jina la ukoo. Na katika Sura Al-Baqara, aya ya 273, ametukumbusha kuhusu wahitaji ambao asiyewajua huwadhania kuwa matajiri kwa sababu ya kujizuia kwao.

Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tunayoifuata wengi wetu Afrika Mashariki, wamelieleza jambo hili kwa uwazi. Fakiri ni asiye na kitu, au aliye na kidogo kisichofika nusu ya haja zake. Masikini ni aliye na zaidi ya hapo lakini hakimtoshelezi. Nyumba anayoishi na nguo anazovaa hazimtoi katika ufakiri. Na mwenye shamba ambalo mazao yake hayamtoshi anahesabika kuwa fakiri au masikini, wala halazimiki kuliuza kwanza ndipo apewe. Basi kihamba chenye mibuni isiyolipa si sababu ya kuinyima familia haki yake. Ama aliyejulikana kuwa na mali, kisha akadai imeangamia, hutakiwa ushahidi.

Hapa ndipo kamati za zaka za misikiti yetu zinapoweza kufanya kazi njema. Kila mwaka kabla ya kugawa, orodha ya zamani isisomwe tu kama ilivyo. Waulizwe watu watatu wenye busara katika kila mtaa: ni nani aliyepoteza kazi, mifugo au mavuno tangu mwaka jana? Na nani aliyeinuka? Maswali hayo yaulizwe kwa siri, na msaada upelekwe nyumbani kwa staha, ili mzee aliyekuwa mtoaji asipangwe foleni mbele ya wajukuu zake.

Hata mipango ya serikali imekuwa na mlango wa namna hii. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulioanzishwa na TASAF mwaka 2012 ulizitambua kaya kupitia mikutano ya vijiji kabla ya hali zao kupimwa. Sheria ya mwaka 2018 ya hifadhi ya jamii nayo iliweka fao la kukosa ajira kwa mwanachama aliyeachishwa kazi na kutimiza masharti. Mwenye kustahiki aende akaulize haki yake, aseme kweli ya hali yake ya leo, bila ya kuongeza wala kupunguza. Na aliyepata nafuu ajiondoe mwenyewe, ampishe mwenziwe.

Nawe, ndugu msomaji uliyepungukiwa, usiwaache watoto walale na njaa kwa kuogopa macho ya jirani. Amirul Muuminina mwenyewe aliwaita wenzake akawaeleza kwamba nyumbani kwake kumeingia dhiki, na heshima yake haikupungua.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaruzuku waliopungukiwa, atujaalie viongozi na kamati zenye jicho la Sayyidna Umar (R.A.), na atuepushe na uchoyo na tamaa. Amin. Wabillahi tawfiq.